Injini Imekufa, Taa Ziwake: Mwongozo wa Kushindwa kwa Heshima

Jenereta haifi saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Hufa usiku wa msiba, spika zikiwa zimepangwa uwanjani na mchungaji ameshika maikrofoni. Au hufa ndani ya kibanda umiza pale Bunda, dakika ya themanini, watu wameshalipa kiingilio. Inakohoa, inagonga chuma kwa chuma, inanyamaza. Halafu macho yote yanakugeukia wewe mwenye mali.

Tulia, ndugu yangu. Mwongozo huu hautakufundisha kuitengeneza injini hiyo. Utakufundisha kushindwa kuitengeneza: mapema, kwa gharama ndogo, heshima yako ikiwa palepale na taa zikiwa zinawaka. Nimewaona watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wakishindwa vibaya, kwa kulipa mara tatu na kukaa gizani. Wewe utashindwa vizuri.

Na usisikilize wanaosema jenereta zimeshapitwa na wakati. Ni kweli, bwawa lenye jina la mtoto wa Butiama, lile la Mto Rufiji la megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme gridini Februari 2024. Ni kweli pia kwamba Aprili 1 mwaka huohuo, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu na karibu nchi nzima ikalala gizani. Mvua ikipiga na nguzo ikaanguka barabarani, megawati za Rufiji hazikusaidii wewe na friji lako la samaki. Jenereta bado ina kazi. Tuianze.

Hatua ya kwanza: hakikisha umefiwa kweli

Watu huzika wagonjwa. Jenereta inayovutika kamba kwa uzito wake wa kawaida lakini haiwaki, mara nyingi haijafa. Petroli iliyokaa miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba tundu dogo la kupitishia mafuta. Plagi imejaa masizi. Chujio la hewa limeshiba vumbi la barabara ya Kiabakari. Hayo ni matatizo ya jioni moja na spana mbili, hayahitaji mwongozo wangu.

Angalia pia swichi ya oili. Injini nyingi za aina hii zina kielea ndani ya tumbo. Oili ikishuka, kielea hukata moto wa plagi na injini hukataa kuwaka. Hukataa hata kama oili ipo, ikiwa umeiweka kwenye mteremko. Butiama ni nchi ya mawe na vilima, uwanja ulionyooka hautafutwi kwa macho tu. Isogeze penye usawa, jaza oili hadi mdomoni mwa tundu la kujazia, vuta tena. Ikiwaka, funga mwongozo huu na uwaambie watu ulikuwa unawapima subira.

Isipowaka, chomoa plagi uvute kamba. Imegoma kabisa, hata plagi ikiwa nje? Pistoni imeshikana na silinda. Kama haijagoma, rudisha plagi, vuta tena. Inateleza bila ukinzani wowote? Fungua kifuniko cha valvu mbele ya silinda hedi, umwambie kijana avute kamba taratibu huku wewe ukitazama. Valvu zote mbili zikipanda na kushuka, bado kuna matumaini: huenda moja haifungi vizuri, na hiyo inasafishika. Ikiwa kamba inavutika na ndani hakuna kinachocheza, kitu kimevunjika chini.

Mwisho, pitisha tochi ubavuni mwa bloku, chini kabisa, upande uliotazama ukuta. Unatafuta tundu. Konrodi, yaani ule mkono unaoishika pistoni, ukikatika wakati injini inazunguka mara elfu tatu kwa dakika, hutoka nje kwa kupasua ubavu. Tundu hilo ni cheti cha kifo, hakuna daktari wa kukata rufaa kwake.

Nikueleze kwa nini hutokea, maana utaulizwa msibani na lazima ujibu kama mtu anayejua. Injini hizi hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna ulimi mdogo unaochota oili na kuirusha huku na huku kila mzunguko, na matone hayo ndiyo yanayolainisha kila kitu. Oili ikipungua, ulimi unachota hewa. Aluminiamu inasuguana na chuma kikavu, inapata moto, inashika, inakatika. Kile kielea kiliwekwa kuzuia hilo hasa. Ukikuta waya wake umekatwa na kufungwa selotepu, umeshampata muuaji. Kuna mtu alisema swichi inasumbua, akaikata, kila mtu akamshukuru.

Hatua ya pili: mshukuru fundi, usimlipe bado

Sasa fundi atakuja na hotuba yake. Naijua kwa kichwa.

“Mzee, hapa tunachonga bloku, tunaweka pistoni ya saizi ya juu, ringi mpya, konrodi, gasketi zote. Inarudi mpya kabisa.”

Jibu hivi: “Fundi wangu, nimekuelewa vizuri. Niache kwanza nikaongee na mama nyumbani.”

Hakuna fundi mkoa mzima wa Mara anayebishana na sentensi hiyo. Umempa heshima yake, umebaki na pesa yako.

Fundi si mwongo. Injini iliyonoki inaweza kufufuliwa, nami nawaheshimu wanaoweza. Lakini piga hesabu. Kila kipuri utakinunua peke yake, na kila kimoja kina nauli yake kutoka Mwanza au Kariakoo, na baadhi vinaweza kuwa feki. Konrodi iliyokatika haikufa peke yake. Imekwaruza krankshafti, imepinda shafti ya valvu, imetawanya vipande vya aluminiamu kwenye kila beringi. Kuchonga silinda kunahitaji mashine na vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Ukipimiwa kwa kucha ya kidole gumba, utarudi hapohapo kabla ya mwaka kuisha. Injini nzima ya Kichina ya ukubwa uleule, ikiwa kwenye boksi, mara nyingi hukaribia jumla ya vipuri hivyo na ufundi wake.

Na hapa ndipo ilipo siri ambayo wauzaji hawana haraka ya kukwambia. Jenereta ni mashine mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti chache. Moja ni injini, ambayo inachoka. Nyingine ni dinamo, shaba tupu na chuma, ambayo isipozidiwa mzigo wala kunyeshewa hukaa miaka mingi. Iliyokufa ni moja tu. Shaba yako ni nzima, na shaba ndiyo yenye thamani. Kwa hiyo hatutengenezi chochote. Tunabadilisha kichwa, yaani injini nzima.

Hatua ya tatu: tafuta maiti ya pili

Nenda kaisome namba kwenye injini yako. Utakuta 168F, 170F, 188F au ndugu zake. Namba hizo zinasomeka: 1 ya mwanzo ni silinda moja, 68 au 88 ni upana wa silinda kwa milimita, na F inasema inapozwa kwa hewa. Karibu zote zimenakiliwa kutoka kwa injini za Honda za GX. GX160 ina silinda ya milimita 68 na ujazo wa sentimita za ujazo 163. GX200 ina upana uleule ila pistoni inatembea zaidi, ikafika 196. GX390 ni milimita 88, ujazo 389. Mchina aliponakili, alinakili hadi matundu ya bolti. Hilo ni jambo jema sana kwako, kwa sababu injini ya jina lolote yenye vipimo hivyo inaweza kukaa kwenye fremu yako bila kulalamika.

Jenereta za kilowati mbili hadi mbili na nusu hubeba zile ndogo. Za kilowati tano hubeba 188F. Usijaribu kuoza ndogo kwa kubwa.

Sasa unatafuta wapi? Watu hukimbilia pampu za maji. Kando ya ziwa, kuanzia bustani za nyanya na matikiti za Musoma Vijijini hadi upande wa Bunda, pampu za petroli ni nyingi, na kule Buhemba wachimbaji wadogo huzitumia kuvuta maji kwenye maduara. Pampu ikipasuka, injini yake huuzwa kwa bei ya kutupa. Utaiona, moyo utaruka, utatoa pesa.

Usitoe. Tazama shafti kwanza.

Hapa naomba ukae nami kidogo, maana pesa nyingi za mkoa huu zimezama kwenye sentimita kumi za chuma. Injini ya pampu au ya mashine ndogo huwa na shafti iliyonyooka, yenye mfereji pembeni, au yenye nyuzi za kukazia. Injini ya jenereta huwa na shafti ya tepa, iliyochongoka taratibu kuelekea nchani, na katikati ya ncha kuna tundu lenye nyuzi. Rota ya dinamo ina shimo lililochongoka vilevile. Vikikutana na bolti ndefu ikakazwa, hushikana kwa msuguano tu, bila kii wala pini. Shafti iliyonyooka haiwezi kuingia humo ikatulia. Itacheza, na kitu kizito kinachocheza mara elfu tatu kwa dakika hutafuta njia ya kutoka.

Fundi mmoja atakwambia atachomelea. Kataa, hata kama ni shemeji yako. Kuchomelea kunapindisha shafti kwa kiasi ambacho jicho halioni ila beringi inakihisi. Mwingine atasema mtafunga puli na mkanda. Kataa pia, ila kwa upole zaidi, kwa sababu ameona jambo la kweli mahali pengine. Zile dinamo kubwa zinazofungwa kwa mkanda na injini za dizeli kwenye mashine za kusaga zina beringi mbili, moja kila upande, na nyingi huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Dinamo ya jenereta yako ya mkononi ina beringi moja tu, ya nyuma. Upande wa mbele rota imelala juu ya shafti ya injini. Ukitoa injini ukaweka puli, umeiondolea mto wake. Rota itashuka na kusaga koili zilezile ulizotaka kuziokoa.

Kwa hiyo injini bora kuliko zote ni ya jenereta nyingine iliyoungua dinamo. Nazo zipo, tena nyingi, kwa sababu tabia ya watu haibadiliki. Mtu ananunua jenereta ya kilowati mbili, anachomeka mashine ya kuchomelea mageti. Koili zinatoa moshi, injini inabaki inanguruma kwa afya tele. Jenereta hiyo sasa imewekwa nyuma ya duka, imefunikwa gunia, mwenyewe anaona aibu kuiuza na uchungu kuitupa. Ulizia Nyasho, mjini Musoma. Ulizia mafundi wa boti pale Mwigobero, wanajua kila injini iliyolala mjini. Ulizia maduka ya barabara kuu Bunda, ambako magari ya Mwanza na ya Sirari yanapishana na mizigo ya kila aina hushushwa. Ukinunua mpya, mwambie muuzaji bila kupepesa: injini ya jenereta, shafti ya tepa.

Na beba rota. Usibebe picha kwenye simu, wala urefu wa kamba, wala maneno ya fundi. Vipimo vya tepa vinatofautiana kati ya viwanda, na hata urefu wa bolti ya katikati hutofautiana. Beba rota yenyewe, imefungwa kwenye kitambaa kikavu, uipakate kwenye daladala. Watu watakutazama. Waache. Dukani uivishe juu ya shafti, uisukume kwa mkono: ikikaa bila kucheza hata kidogo, lipa.

Hatua ya nne: iondoe rota bila kuiua

Nimekwambia ubebe rota, lakini kuitoa ndiyo kazi yenyewe. Fuata mpangilio huu na usiruke hata kimoja.

Fungua kifuniko cha nyuma cha dinamo. Utaona AVR, kile kiboksi cheusi kinachodhibiti volti, na karibu yake kaboni mbili zinazogusa pete za shaba. Piga picha rangi za waya, hapo simu inafaa. Toa kaboni kwanza. Ukivuta stata kaboni zikiwa ndani zitakatika, na utaanza safari ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Kama dinamo yako haina kaboni ila ina kapasita, umepumzishwa hatua moja. Usiiguse miguu ya kapasita hiyo kwa vidole mpaka uhakikishe haina chaji.

Fungua zile bolti nne ndefu za stata. Inua nyuma ya jenereta, weka kipande cha mbao chini ya injini. Gonga kifuniko cha nyuma kwa nyundo ya mpira, huku na huku, hadi kiachie beringi. Vuta stata polepole ikiwa imenyooka. Koili zisikwaruze rota.

Sasa rota imebaki imening'inia kwenye shafti. Fungua bolti ya katikati uitoe. Rota haitaanguka. Haitasogea hata kidogo, na hapo ndipo watu huchukua nyundo ya kilo nne.

Weka chini nyundo. Rota nyingi zina tundu linalopita katikati mwote, ambamo bolti ile ilikuwa. Kata kipande cha nondo laini, chembamba kuliko nyuzi za ndani ya shafti, kifupi kiasi kwamba kikisukumwa ndani kinabaki chini ya mdomo wa rota. Kama mdomo wa rota una nyuzi zake, kaza humo bolti nene inayolingana nazo: itasukuma nondo, nondo itasukuma shafti, rota itatoka kwa mlio mmoja mkali, pah! Kama hauna nyuzi, zungusha rota robo kwa robo huku ukigonga mwili wake wa chuma kwa nyundo ya mpira, si koili, si pete za shaba, si beringi. Subira hapa ina bei nzuri sana. Kijana mwenye haraka hupasua pete, na pete ikipasuka rota imekuwa chuma chakavu.

Hatua ya tano: funga, halafu danganya macho tu

Futa tepa zote mbili kwa kitambaa chenye petroli hadi zikauke. Usipake grisi, zinashikana kwa ukavu wake. Visha rota, kaza bolti, rudisha stata, zungusha kwa kamba plagi ikiwa nje, usikilize. Mkwaruzo wowote una maana kwamba stata haijakaa sawa. Legeza, kaza tena kwa msalaba, kidogo kidogo. Kaboni ziingie mwisho.

Mimina oili. Injini mpya husafirishwa kavu, na nimeshuhudia injini ya boksi ikinoki siku ya kwanza mbele ya mwenye nayo kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshamimina. Ya 168F hunywa kama lita 0.6, ya 188F lita 1.1.

Washa bila mzigo. Sasa kasi. Dinamo yenye ncha mbili za sumaku inahitaji mizunguko 3,000 kwa dakika ili itoe hezi 50 tunazotumia Tanzania. Injini uliyoipata huenda iliwekwa iende 3,600, kasi ya nchi zenye hezi 60 na ya pampu nyingi. AVR itakuficha kosa hilo, kwa sababu itashikilia volti 230 hata kasi ikiwa si yake. Kwa hiyo usiridhike na volti. Tumia malitimita yenye kipimo cha hezi, zungusha skrubu ya gavana hadi isome 52 hivi bila mzigo. Ukichomeka vitu itashuka ikae karibu na 50. Ukiacha kasi juu, feni zitakimbia, mota za friji zitachemka, na injini uliyoihangaikia itazeeka kabla ya wakati.

Volti ni sifuri kabisa? Usilie. Rota iliyogongwagongwa au iliyolala muda mrefu hupoteza usumaku mdogo inaohitaji kuanzia. Zima injini. Chomoa waya za AVR kwenye kaboni, unganisha nyaya mbili za betri ya bodaboda ya volti 12, chanya kwa chanya, acha ncha moja wazi. Washa, gusisha ncha hiyo kwa sekunde mbili tatu, toa, zima, rudisha AVR, washa tena. Mara nyingi taa zitakuja. Mkono mmoja uwe mfukoni wakati unafanya hivyo, na watoto wawe mbali.

Zikiwaka, tuje kwenye sura, kwa maana nakujua. Hutaki majirani waone injini nyekundu ya jina geni juu ya fremu yako ya zamani. Ni haki yako. Hamisha tenki lako la petroli lenye stika zake, kwa kawaida linafungwa kwa bolti nne na kwa saizi ileile halikatai. Hamisha kifuniko cha kamba. Fremu ipige rangi nyeusi. Jioni ifuatayo washa uwani, iache ingurume nusu saa, akipita mtu mwambie ilikuwa plagi tu. Watu hawa walikucheka usiku wa msiba. Hawakudai chochote zaidi ya kuona umeshinda.

Mnunuzi ni mtu mwingine. Siku ukiiuza, mwambie injini si yake ya asili, umwonyeshe namba, umwambie shafti ni ya tepa. Anayetoa pesa anapaswa kujua ananunua nini.

Pasipo na njia ya mkato

Kuna mahali sitakuruhusu kudanganya.

Pa kwanza ni mwinuko. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari, na Butiama iko juu zaidi. Vitabu vya Honda vinasema injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Maana yake jenereta iliyoandikwa kilowati 2.5 kiwandani, hapa kwetu imeshapoteza zaidi ya asilimia 13 kabla hujachomeka hata taa. Ihesabie kama kilowati mbili na kidogo. Friji linapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, hivyo liwashe kwanza, peke yake, vingine vifuate.

Oili ya injini mpya imwage baada ya saa 20 za mwanzo, halafu kila saa 100 au miezi sita. Usiukate waya wa kielea. Akija mtu kusema inasumbua, mpe chai aondoke.

Moshi. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, ekzosi ikitazama mbali na watu. Usiku wa mvua utashawishika kuiingiza barazani au chumba cha nyuma cha duka, wizi nao unatisha. Usifanye. Hewa ya sumu inayotoka kwenye ekzosi haina rangi wala harufu. Mtu husinzia na haamki, na mlango ulioachwa wazi nusu hautoshi. Jengea kibanda cha bati chenye pande wazi, ufunge kwa mnyororo.

Na kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake huku laini ya TANESCO ikiwa imeungwa. Umeme wako utarudi kwenye transfoma, na transfoma inayoshusha volti kutoka nje huipandisha ikigeuzwa: zako 230 zinaweza kuwa maelfu kwenye waya wa nguzo. Juu ya nguzo hiyo, usiku huo, kuna kijana wa watu anayetengeneza hitilafu akiamini laini imekufa. Weka chenjiova, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Zile jenereta ndogo sana za taa na redio, zinazochanganya petroli na oili kwenye tenki moja, hazihusiki na haya yote. Moja ikifa, tafuta mwenzake aliyeungua, uzifungue zote mbili mezani uunde moja. Hazistahili safari ya Mwanza.

Kilichobaki ni kimoja, nacho kifanye leo, mikono ikiwa bado na grisi: chukua brashi ya rangi uandike kwenye fremu tarehe uliyomimina oili, kubwa, mahali ambapo kila anayekuja kuazima jenereta yako lazima aione.